Kuchaguliwa Si Kukubaliwa

Kila Agosti inapokaribia, maswali ya usajili wa fraterniti na sororiti, yaani vyama vya wanafunzi wa kiume na vya wa kike vyuoni, hufunika mengine yote katika kona hii, hasa kutoka kwenu mliolelewa Houston, Dallas, Minneapolis na miji mingine ya Marekani, mnaoongea Kiswahili na mama jikoni kisha mkavuka kizingiti cha chuo mkakuta dunia nyingine. Safari hii swali limekuja kwa sura mbili. Binti anayeanza mwaka wa kwanza anataka sororiti, na tangu sekondari anajijua kwamba moyo wake unavutwa na wasichana wenzake. Anauliza, "Dada, niseme au ninyamaze?" Kijana wa mwaka wa pili keshapata mwaliko wa fraterniti, naye hajamwambia mtu kwamba anapenda wanaume. Anauliza, "Wakijua baadaye, watanifukuza?"

Nawajibu wote wawili kwa mpigo. Hamlazimiki kumfungulia mtu yeyote moyo katika siku chache za usajili. Ila msitie saini kuingia nyumba ambamo mnajua fika itawabidi mjifiche mpaka mhitimu. Kuchaguliwa ni kura ya usiku mmoja. Kukubaliwa kunaonekana miezi baadaye, siku ya dansi la tawi, pale unapotaka kuingia ukumbini na umpendaye na hakuna anayegeuza shingo. Watu wengi huchanganya haya mawili, wakapata la kwanza wakadhani wamepata na la pili.

Tuanze na usajili wenyewe unavyokwenda, maana wengine wenu ndio wa kwanza kusoma chuo katika ukoo, hakuna shangazi wa kuwaeleza. Sororiti kubwa za kitaifa, zaidi ya ishirini, zipo chini ya umoja uitwao National Panhellenic Conference, ulioundwa mwaka 1902. Usajili wao mkuu huenda kwa duru. Duru ya kwanza unapitishwa nyumba nyingi kwa dakika chache chache, wasichana wanaimba mlangoni, unaongea na watatu wanne, kengele inalia, unatoka. Duru zinazofuata nyumba zinapungua: moja ya kazi zao za hisani, moja ya maisha yao ya udada. Ya mwisho ni nyumba mbili hivi, taa zimepunguzwa, hotuba za kutoa machozi. Kila baada ya duru wao wanakupanga wewe na wewe unawapanga wao, kisha kompyuta inalinganisha orodha.

Hii ni kama posa. Upande wa pili unakuchunguza, lakini hata nyumbani kwenu huwa wanatuma watu kuuliza mtaani: huyu ni mtu wa namna gani, mamake ana maneno, ndugu zake wakoje? Binti anayeingia wiki hii akiwaza tu "watanipenda?" amesahau nusu ya kazi yake.

Na kalamu ina uzito. Baada ya duru ya mwisho unatia saini makubaliano na kuorodhesha nyumba ulizo tayari kuingia. Nyumba uliyoiorodhesha ikikupa mwaliko ukaukataa, huruhusiwi kujiunga na sororiti nyingine ya umoja huo chuoni hapo hadi usajili mkuu wa mwaka unaofuata. Na ukishaapishwa ndiyo basi, huwezi kuhamia sororiti nyingine ya umoja huo. Ndiyo maana nasema uchunguzi ufanyike kabla ya saini. Nyumba iliyokutia shaka usiiorodheshe kwa kuogopa kubaki mikono mitupu.

Kwa wavulana mambo huwa malegevu zaidi. Wanakualika kula mbavu za kuchoma, kutazama mpira, kucheza gemu za video, kisha usiku wanakaa kukupigia kura. Ulegevu huo una faida: unawaona watu wakiwa hawajavaa nguo za kupokelea wageni.

Sasa, niseme au ninyamaze?

Katika sororiti nyingi wanachama huonywa kabla ya usajili wasizungumze na wageni habari za wavulana, pombe, dini, siasa wala pesa. Kwa hiyo kwa kanuni zao wenyewe, mapenzi yako hayamo mezani. Lakini mada hiyo huingia kwa mlango wa uani. Msichana anakutazama kwa uso mkunjufu anakuuliza, "Dansi letu likifika, utamleta kijana gani?" Hapo usibabaike. Unaweza kujibu, "Bado sijui nitakuja na nani. Ninyi huwa mnakuja na nani?" Swali limerudi kwake. Akisema, "Wengine na wapenzi wao, wengine na marafiki, mwaka jana mwenzetu alikuja na msichana wake," umepata habari bila kutoa siri. Akicheka na kusema, "Tutakutafutia mvulana mzuri wa fraterniti ya jirani," nayo ni habari.

Kusema mapema kuna faida yake: nyumba zisizokutaka zinajiondoa zenyewe, na wewe hupotezi muda wa kujikunja. Gharama yake ni kwamba utakatwa kwenye orodha bila kuelezwa sababu, kwa kuwa usajili huu hautoi sababu kwa mtu yeyote. Kunyamaza kunakuachia nyumba nyingi, lakini kazi yote ya kuchunguza inabaki juu yako. Njia zote mbili ni za heshima. Yule mwenye fahari ya kusema siku ya kwanza asimdharau mwenzake anayesubiri, pengine huyo mwenzake ana baba anayelipa karo na hajawa tayari.

Kitu kimoja tu nakukataza: usimzue mchumba. Wapo wanaobuni kijana, wakampa na jina, "yuko chuo cha mbali." Kunyamaza ni haki yako, lakini huyo wa kubuni utamlisha muda wote, kila Ijumaa utaulizwa hajambo, na siku ukweli ukitoka, wenzako wataacha kabisa kuzungumzia umpendaye, watazungumzia uwongo wako.

Ukihitaji mtu wa kusema naye, yupo mshauri wa usajili. Vyuo vingine humwita Rho Gamma, vingine Pi Chi. Huyu ni mwanafunzi mwandamizi aliyejitenga kwa muda na sororiti yake ili awaongoze wageni bila kupendelea. Kabla ya kumfungulia, muulize: "Nikikwambia jambo, litaishia kwako?" Akisitasita, zungumzeni hali ya hewa.

Namna ya kuisoma nyumba

Bendera ya upinde wa mvua kwenye ukurasa wao mwezi Juni haikwambii kitu. Angalia watu waliomo tayari. Je, wapo wanachama wanaojulikana wazi kuwa wanapenda jinsia yao, na je, wana vyeo, au wapo tu kwa ajili ya picha? Wa mwisho aliyejitokeza bado anakaa kwenye nyumba, au "aliamua kuhama"? Mialiko ya dansi huandikwaje? Kwenye hafla za pamoja na fraterniti, kila msichana hupangiwa mvulana, au mtu anachagua?

Kijana wangu, wewe fungua masikio wakati wa mzaha. Wanaume wengi hujichunga wakiwa mezani na mgeni. Usiku wa manane, mpira umekwisha, ndipo ulimi unapolegea. Mmoja atamtania mwenzake kwa kumwita "shoga." Usimtazame sana aliyesema, watazame waliobaki. Wakiangua kicheko wote, umejibiwa. Mmoja akisema, "Ebu acha hayo," na wengine wakatulia, hiyo ni nyumba ya kufikiria.

Jingine, uliza nani hasa mwenye kauli. Hili tulifundishwa na Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 2013. Gazeti la wanafunzi, The Crimson White, lilifichua kwamba binti Mweusi mwenye alama nzuri alikataliwa na sororiti za Wazungu, na kwamba katika baadhi ya nyumba wasichana wenyewe walimtaka, ila wanachama wa zamani, kina mama waliohitimu miaka mingi iliyopita, ndio waliozuia. Kelele zikapigwa nchi nzima, na chuo kikalazimika kufungua upya nafasi za kupokea wanachama. Hilo lilikuwa suala la rangi, lakini mashine ya kukataa ni ileile. Anayekuchekea mlangoni si lazima awe ndiye mwenye kura. Kwa hiyo muulize waziwazi: "Waliohitimu wana usemi gani katika kupokea wanachama?"

Na uliza waraka. Vyama vingi vya kitaifa sasa vina sera iliyoandikwa ya kutobagua kwa mwelekeo wa kimapenzi, nawe una haki ya kuisoma. Isome ukijua kwamba waraka huandikwa makao makuu na kura hupigwa tawini. Chama kimoja kinaweza kuwa na tawi lenye rais anayeishi wazi na mpenzi wake wa kiume, na tawi jingine, majimbo mawili kando, ambako mtu kama huyo hafiki hata duru ya pili. Usichague jina kubwa, chagua watu utakaopishana nao koridoni.

Sheria inasemaje?

Wengi mnadhani Marekani kila kitu kina sheria ya kukukinga. Katika hili usiegemee sana. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972, inayopiga marufuku ubaguzi wa jinsia katika elimu, ilirekebishwa mwaka 1974 ikaziacha nje fraterniti na sororiti katika suala la nani awe mwanachama. Ndiyo maana zinaruhusiwa kuwa za jinsia moja hadi leo. Mahakama nazo husita kuingia ndani ya nyumba hizo. Huko Wyoming, wanachama wa Kappa Kappa Gamma walikishtaki chama chao kwa kumpokea mwanafunzi aliyebadili jinsia kuwa mwanamke. Agosti 2023 jaji wa shirikisho akaitupa kesi, akisema mahakama haiwezi kukiamulia chama binafsi nani kwao ni mwanamke. Uhuru huo wa chama kujiamulia ulimfungulia mlango binti yule. Kumbuka uhuru huohuo unaweza kutumiwa na chama kingine kumfungia mtu.

Kinachokulinda zaidi ni kanuni za chuo. Vyuo vingi huvitaka vyama vinavyotambuliwa visibague, na chama kikivunja sharti hilo kinaweza kuadhibiwa, hata kupoteza utambuzi. Kabla hujaanza usajili, tafuta ofisi inayosimamia vyama hivi chuoni kwenu. Ninyi wa Texas muwe macho: sheria iliyopitishwa 2023 na kuanza kutumika Januari 2024 ilifunga ofisi za ujumuishi katika vyuo vya umma, na Chuo Kikuu cha Houston kilifunga kituo chake cha wanafunzi wa LGBTQ. Kwa hiyo ofisi aliyokusifia dada yako aliyehitimu zamani pengine haipo tena. Jua mapema utamkimbilia nani: mhadhiri, mshauri nasaha wa chuo, au mkuu wa wanafunzi.

Kijana aliyeuliza kuhusu kufukuzwa, jibu lako liko hapa. Mwanachama aliyekwishaapishwa hatolewi kwa neno la mtu mmoja; kuna taratibu za tawi na za makao makuu. Ukiletewa kisingizio, omba kiandikwe, kisha peleka nakala makao makuu na kwa mkuu wa wanafunzi. Lakini sikufichi: kufukuzwa si hatari ya kawaida. Ya kawaida ni kutengwa. Hakuna anayekwambia toka, ila hakuna anayetaka kukaa chumba kimoja nawe. Mwaka 1998 kilitoka kitabu kiitwacho Out on Fraternity Row, mkusanyiko wa visa vya wanaume waliokuwa ndani ya fraterniti hizi, na mmoja wa wahariri wake, Shane Windmeyer, ndiye aliyeanzisha mradi wa Lambda 10 mwaka 1995 kuwasaidia vijana kama wewe. Kitafute maktaba ya chuo. Utasoma mema na machungu, na utajua hukuanza wewe.

Na mtu yeyote akitaka kuitumia siri yako kama mchezo wa kuwakaribisha wanachama wapya, akakulazimisha useme umelala na nani mbele ya kundi lililolewa, ondoka usiku huohuo. Huo ni unyanyasaji. Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria inayovitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyopatikana na makosa ya kuwanyanyasa wanachama wapya. Taarifa hiyo isome kabla ya kusoma vipeperushi vyao vya rangi.

Milango mingine ipo

Usidhani nyumba zile kubwa zenye nguzo nyeupe ndizo peke yake. Wanaume wasio Wazungu wanaopenda wanaume walianzisha Delta Phi Upsilon huko Tallahassee, Florida, mwaka 1985. Mwaka uliofuata ikazaliwa Delta Lambda Phi mjini Washington, kwa wanaume mashoga, wanaopenda jinsia zote mbili, na wale wasio na tatizo nao. Mwaka 2003 wasichana wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wakaanzisha Gamma Rho Lambda. Humo huanzi kwa kujieleza, ingawa vyama hivi haviko kila chuo.

Vipo pia vyama tisa vya Weusi, vilivyo chini ya baraza lililoundwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1930. Alpha Kappa Alpha, alikoapishwa Kamala Harris aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, ilianza hapohapo Howard mwaka 1908. Huko hakuna wiki ya kuzungushwa nyumba kwa nyumba. Unahudhuria shughuli zao, unajuana na watu taratibu, huropoki kwamba unataka kuingia. Utaratibu huo mrefu unakufaa wewe, kwa sababu una miezi ya kuwatazama wanavyowatendea watu. Mtu asikudanganye kwamba kati ya Weusi wenzako utapokewa moja kwa moja, wala kwamba utakataliwa moja kwa moja. Hapo pia mambo hutofautiana tawi hadi tawi.

Sasa la kwetu wenyewe

Vyama hivi vinaishi kwa picha. Siku ya mialiko mnapigwa picha mia, majina yanabandikwa, na kabla ya jioni binamu yako Mombasa keshaona, na shangazi Mwanza keshapokea kwenye kundi la ukoo. Picha ya dansi mkiwa mmeshikana mikono na mpenzi wako inaweza kuwa furaha ya kawaida pale chuoni na janga Desemba ukienda likizo. Kenya sheria inafikia kifungo cha miaka 14, Tanzania hadi maisha, na Uganda iliongeza makali mwaka 2023. Sikutishi, nakukumbusha kitu ambacho wenzako wa Alabama au Ohio hawatakifikiria. Waambie mapema, bila kuona haya: "Picha yangu isiwekwe mpaka niione." Nyumba itakayokasirika kwa ombi dogo kama hilo itakuangusha kwenye makubwa.

Kuhusu wazazi, usikubali kusukumwa na kaka au dada wa chama eti "jitokeze kwenu uwe huru." Wao hawamjui baba yako. Kabla hujasema nyumbani, jua nani analipa karo, bima ya afya iko kwa jina la nani, na ukiambiwa usirudi utalala wapi. Ukishapata majibu ya hayo, utachagua siku yako mwenyewe.

Ninyi mliomo ndani tayari, msiohusika na mapenzi haya, msidhani mmesalimika. Usiku wa kura ndio unaoamua mambo, na kwenye usiku huo ninyi mpo. Mtu akishusha sauti akasema, "Yule mzuri, lakini mnajua tena...", muulize, "Tunajua nini?" Mara nyingi sentensi hiyo haina mwisho, na akilazimishwa kuimalizia ataona aibu. Badilisheni na maswali: ulizeni "utakuja na nani," acheni "utakuja na kijana gani."

Na wenye imani kali mnaosoma hapa, nawaheshimu. Hakuna anayewaomba mbadili msahafu wala Biblia. Mnaombwa kukaa meza moja na mtu bila kumdhalilisha, na sijaona dini iliyowafundisha kudhalilisha.

Ukikatwa, usikimbilie kudhani ni kwa sababu ya unayempenda. Wasichana wengi wenye wapenzi wa kiume nao hulia siku hiyo, maana nafasi ni chache na mazungumzo ni ya dakika chache. Baada ya usajili mkuu, matawi yenye nafasi huendelea kupokea watu mmoja mmoja, bila mbwembwe, na huko ndiko wengi hupata watu wanaofanana nao. Kama uzito unazidi na mawazo mabaya yanakujia, piga namba ya msaada ya Marekani, 988, saa yoyote, au wapigie Trevor Project, ambao kazi yao ni kuwasikiliza vijana kama wewe.

Kabla ya kutia saini, jiulize matatu. Je, nimemwona humu mtu kama mimi anayeishi bila hofu? Je, nikiumwa usiku, kuna angalau wawili humu ningewagongea mlango? Je, siku nikiamua kusema, naamini kesho yake nitakula nao kifungua kinywa kama kawaida? Jibu likiwa ndiyo kwa yote, ingia kwa furaha na uvae herufi za Kigiriki za jina la chama. Moja likigoma, liache jina hilo nje ya orodha yako, hata kama ndiyo nyumba inayosifiwa kuliko zote. Chuo kina watu maelfu, na marafiki wa kweli hawahitaji herufi za Kigiriki kifuani.

Usajili ukiisha niandikieni mlivyopata, mazuri na mabaya, ili wa mwaka ujao wajifunze kwenu.

Wenu, Dada.